Dengi Haipimwi kwa Kutoka Damu Pekee

Tangu mwaka 2009, Shirika la Afya Duniani hugawa homa ya dengi katika makundi matatu: isiyo na dalili za hatari, yenye dalili za hatari, na dengi kali. Hoja kwamba mgawanyo huu hujaza wodi bure, na kwamba ule wa 1997 ulitosha, haisimami. Ili mgonjwa ahesabiwe kuwa na dengi ya kutoka damu, ule wa zamani ulidai homa, kutoka damu, chembe sahani kushuka hadi 100,000 au chini, na majimaji ya damu kuvuja, yote kwa pamoja. Aliyekosa moja hakuhesabiwa, hata akiwa mahututi. Hatari kubwa huja homa inaposhuka, kati ya siku ya 3 na ya 7, jamaa wakidhani mgonjwa amepona. Anayeumwa sana na tumbo, anayetapika mfululizo, anayetoka damu kwenye fizi au aliyelegea, huyo alazwe. Asiye na dalili hizo, wala si mjamzito au mtoto mchanga, hutibiwa nyumbani kwa parasetamoli na vinywaji vya kutosha, kamwe si aspirini wala ibuprofeni, na huangaliwa kila siku. Wodi zinajazwa na nani basi?

Wala kaunti ya Machakos, Kenya, haiko mbali na haya. Mlolongo na Athi River zimo kwenye barabara ya Mombasa, mji uliokumbwa na dengi mwaka 2013 na tena 2017, na msafiri aliyeumwa na mbu huko huweza kufika bara kabla homa haijaanza.