Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Kiharusi cha watoto hakisubiri uzee

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Mwanza, si daktari. Ya kitabibu nimeyasoma na kuwauliza wenye fani. Ya darasani nayaona mwenyewe. Naomba kila mtoto mwenye selimundu, kuanzia miaka 2 hadi 16, apimwe kasi ya damu kichwani kila mwaka, na kipimo hicho kiwe huduma ya kawaida katika hospitali za rufaa za mikoa yote, kisitegemee uhai wa mradi wa utafiti.

Wengi bado wanajua kiharusi kuwa ni ugonjwa wa wazee wenye presha. Mtoto wa miaka sita akiamka mkono umelegea na mdomo umekwenda upande, mtaani litatajwa dege, jini au jicho la jirani, na saa za kwanza, zenye thamani kuliko zote, zitaishia kwa mganga. Vyanzo ni vingi: hitilafu za moyo za kuzaliwa nazo, homa ya uti wa mgongo, VVU, hata tetekuwanga huweza kuumiza mishipa ya ubongo miezi kadhaa baada ya vipele kukauka. Ila katika nchi ambayo kila mwaka huzaliwa watoto takribani 11,000 wenye selimundu, tunajua pa kuanzia. Bila kinga, karibu mtoto 1 kati ya 10 wenye aina kali ya ugonjwa huu hupigwa na kiharusi kabla ya kutimiza miaka 20.

Kwa mtoto mwenye selimundu, mishipa mikubwa inayolisha ubongo huumizwa, kuta zake huneneka kwa ndani, na damu hulazimika kwenda mbio, kama maji kwenye mpira uliobanwa kwa kidole. Mbio hizo hupimika. Mtoto hulala, hupakwa jeli kwenye panja, mhudumu huelekeza kifaa cha ultrasaundi. Hakuna sindano wala kutolewa damu. Kasi ikifika sentimita 200 kwa sekunde, hatari ni kubwa. Kati ya 170 na 199, mtoto ni wa kuchungwa. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1998 ulionyesha kuwa wenye kasi ya 200 na kuendelea wakiongezewa damu mara kwa mara, hatari ya kiharusi hupungua kwa zaidi ya asilimia 90.

Najua jibu litakalokuja: damu hiyo itatoka wapi? Ni kweli, hatuna ya kumwekea mtoto kila mwezi kwa miaka. Anayebisha akae usiku mmoja wodi ya wazazi aone damu inavyotafutwa. Lakini Wanaijeria walishakutana na swali hilo. Kaskazini mwa nchi yao, Kano na Kaduna, watoto wenye kasi ya hatari walipewa vidonge vya haidroksiurea kila siku, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha viharusi vichache, hata kwa waliopewa dozi ndogo. Na hapa kwetu Mwanza, katika hospitali ya Bugando, utafiti uitwao SPHERE ulipima watoto wenye selimundu kwa kutumia wahudumu waliofundishwa papo hapo. Karibu robo yao walikutwa na kasi iliyopanda, wakaanzishiwa dawa hiyo, kasi ikashuka. Ushahidi tunao, tena wa nyumbani.

Sasa nirudi darasani, maana kuna kiharusi ambacho hata mzazi hakioni. Mkono haulegei, mdomo haupindi, lakini kipande cha ubongo kimekufa. Uchunguzi kwa mashine ya MRI umeonyesha kuwa zaidi ya theluthi moja ya watoto wenye selimundu kali huwa na makovu hayo kabla ya kufika miaka 18. Huyo ndiye mtoto aliyesoma aya nzima akiwa darasa la pili, na akifika la nne anapotea katikati ya sentensi. Ananakili ubaoni polepole, anasahau agizo alilopewa sasa hivi. Anaitwa mvivu. Anakariri darasa, pengine anachapwa, kisha anaacha shule, na hakuna daftari lolote linaloandika kwamba alianguka kwa sababu ya ugonjwa.

Kwa hiyo naongeza jambo dogo: kliniki za selimundu ziwe na rejista ya kila mtoto aliyepata kiharusi, yenye kasi yake ya damu, dawa anayotumia na anaendeleaje shuleni. Walimu tutajaza sehemu yetu tukiulizwa. Hatujawahi kuulizwa.

Haidroksiurea nayo ipatikane mfululizo, na bima iilipie. Mzazi anayenunua vidonge vya wiki mbili, akakosa vya wiki inayofuata, hamkingi mwanawe.

Wizara yako itakaposoma bajeti bungeni, tutatafuta humo fungu la mashine hizi na la kuwafundisha wauguzi wa mikoa kuzitumia. Likikosekana, tunaomba maelezo kwa maandishi.

Mwalimu wa darasa la nne,
Mwanza