Deni la Mkulima na Bei ya Chai

Wazee walisema, kukopa harusi, kulipa matanga. Lakini si kila mtu anayeshindwa kulipa deni ni mvivu au mdanganyifu. Mara nyingi ni bei ya mazao iliyoanguka, naye mkulima hakuwa na habari.

Tazama chai yetu ya Kisii na Nyamira. Huuzwa mnadani Mombasa kwa dola za Marekani. Mwanzoni mwa mwaka wa 2024 dola moja ilikuwa karibu Sh. 160. Kabla ya mwaka kwisha ilikuwa karibu Sh. 129. Basi kilo iliyouzwa kwa dola mbili, ambayo ilileta Sh. 320, sasa ilileta Sh. 258 tu, ingawa mchumaji alichuma vile vile. Hiyo ni sababu mojawapo ya bonasi ya Oktoba 2025 kuwasikitisha wakulima wengi wa huku. Lakini karo ya shule haikupungua, wala deni la benki.

Tena riba ilipanda. Riba ya Benki Kuu ilifika asilimia 13 Februari 2024, ikaanza kushuka Agosti. Mkopo usiolipwa kwa zaidi ya siku 90 huhesabiwa kuwa mbaya. Disemba 2022, katika kila Sh. 100 zilizokopeshwa na benki za Kenya, Sh. 13 hivi zilikuwa za mikopo ya namna hiyo. Disemba 2024 zilizidi Sh. 16. Hasara hiyo humfikia hata jirani anayelipa vizuri, maana benki yenye hofu hukopesha wachache, na kwa riba kubwa.

Kwa maoni yangu, benki zipange malipo kwa majira ya mkulima: kidogo kila mwezi fedha za majani zinapoingia, na sehemu kubwa wakati wa bonasi.

Nawe mkulima, usikope kwa kutazama bonasi ya mwaka mwema. Kumbuka bonasi ya mwaka mbaya kuliko yote, ukope kwa kadiri hiyo. Ukiona utashindwa, nenda benki mapema, kabla ya siku 90, ueleze shida yako, mpange malipo upya. Ukijificha, riba inaendelea kukua, na hati ya shamba la watoto wako imo mikononi mwa benki.

Dawa ya deni ni kulipa. Lakini kwanza tukope kwa kipimo.