Kijana anapotaka injini kubwa, mzazi aulize nini?

Chukua mfano wa nyumba moja jijini Dar es Salaam. Jumamosi jioni, chai iko mezani, kijana wa miaka 24 anawaambia wazazi wake kwamba amepata injini. Si gari jipya, ni injini tu. Imetoka Japani, ipo kwa muuza spea, na fundi amesema itaingia bila shida.

Baba anaweka kikombe chini. "Unataka kujiua kwa hela yako mwenyewe?"

Kijana hajibu. Anachukua simu yake na kutoka nje. Mama anabaki akimtazama mumewe. "Baba watoto, hata hujamuuliza injini ya nini."

Nyumba yenye kijana aliyeanza kujitegemea inayajua mazungumzo ya namna hii. Mwaka huu ni pikipiki, mwaka kesho ni gari. Mzazi akiona amezidiwa hukimbilia methali: mtoto akililia wembe, mpe. Lakini kabla ya kumpa wembe au kumnyima, kuna haja ya kujua anataka kukata nini.

Gari la kijana huyu ni Mazda MX-5, lile dogo la viti viwili lenye paa la kukunja. Lilianza kuuzwa mwaka 1989, na kwao Japani lilijulikana kwanza kwa jina la Eunos Roadster. Matoleo ya mwanzo yalikuwa na injini ya lita 1.6 yenye nguvu za farasi zipatazo 115. Kwa injini za leo hizo si nyingi. Ila gari lenyewe halifiki tani moja, na injini imekaa nyuma kidogo ya ekseli ya mbele ili uzito ugawane karibu sawa mbele na nyuma.

Utamu wa gari la aina hii ni wepesi wake. Mwingereza Colin Chapman, mwanzilishi wa kampuni ya Lotus, alijulikana kwa kuthamini wepesi kuliko injini kubwa. Gari jepesi linawahi kuchanganya, linakata kona vizuri na linasimama mapema. Injini kubwa inasaidia kuchanganya tu. Ikiwa nzito, huko kwingine inaharibu.

Kwa hiyo swali la kwanza la mzazi lisiwe "una wazimu?" Liwe lile la mama: gari lina upungufu gani?

Tuseme kijana anajibu kwamba gari linachoka mlimani. Hilo ni jibu la kufanyia kazi. Injini yenye umri wa miaka 30 inaweza kuwa imepoteza sehemu ya nguvu ilizozaliwa nazo. Fundi apime kompresheni ya kila silinda. Aangalie plagi, nyaya zake, chujio la hewa na pampu ya mafuta. Akague rejeta na mkanda wa taiming. Vipimo hivyo havifikii hata kidogo bei ya injini nyingine, na mara nyingi gari linalodaiwa kuwa dhaifu ni gari linalodai matengenezo.

Vipimo vikionyesha kwamba injini imekufa kweli, kuibadilisha si anasa tena. Hapo suala linakuwa iwekwe ipi: ile ile ya 1.6 au kubwa zaidi?

Mazda wenyewe waliwahi kulijibu swali hilo. Mwaka 1993 walipoanza kuweka injini ya lita 1.8, hawakuweka injini peke yake. Waliongeza ukubwa wa breki, wakaweka difu imara zaidi na kuimarisha bodi. Gari likaongezeka uzito, kiasi kwamba sehemu ya nguvu mpya ililiwa na uzito mpya. Kama wenye kiwanda waliona injini haiwezi kukua peke yake, fundi wa gereji anayesema "itaingia tu" anastahili kuulizwa maswali zaidi.

Kuingia itaingia. Marekani wapo mafundi wanaoweka hata injini za V8 kwenye MX-5. Lakini baada ya hapo giaboksi, klachi, difu, rejeta na breki navyo vinatakiwa viendane na nguvu hiyo. Anayenunua injini leo bila kupanga hayo amenunua nusu ya kazi. Nusu nyingine itamfuata mwisho wa mwezi, na kwa nyumba nyingi itafika pamoja na ada ya mdogo wake.

Hapo ndipo wazazi wana haki ya kusema neno, hata kama hela ni ya kijana. Anayekaa nyumbani, akila chungu kimoja na wenzake, shimo la mfuko wake huzibwa na wote. Aandike hesabu nzima kwenye karatasi: injini, ufundi, vipuri vinavyoifuata, mafuta, na siku ambazo gari litalala gereji huku yeye akipanda daladala. Akishaiandika, huenda asihitaji kukatazwa na mtu.

Kuna na makaratasi. Namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari. Ikibadilika, mamlaka lazima zijulishwe: TRA kwa Tanzania, NTSA kwa Kenya. Kampuni ya bima nayo iambiwe. Anayekata bima kwa injini ya 1.6 huku akiendesha nyingine anajiweka pabaya siku ya ajali, maana bima husimama juu ya ukweli alioutoa mteja. Muuzaji naye atoe risiti na hati zinazoonyesha injini ilikotoka. Injini ya bei ya kutupa isiyo na karatasi inaweza kuwa imetolewa kwenye gari la mtu usiku.

Halafu lipo lile lililomfanya baba aweke kikombe chini. Yeye hakuwaza hela, aliwaza simu ya usiku wa manane.

Hofu hiyo ina hesabu yake. Mwendo ukipanda kutoka kilomita 80 hadi 120 kwa saa, umeongezeka kwa nusu tu, lakini mzigo ambao breki zinatakiwa kuuzima unazidi mara mbili. Kwa hiyo anayetaka gari liende kasi aanze na vitu vinavyolisimamisha: tairi zisizo za zamani, breki nzima, shokapu zinazofanya kazi, mikanda inayofunga. Na ajiulize nguvu hizo atazitumia wapi. Anayetoka Dar kwenda Morogoro anapita vijiji vyenye vibao vya 50, na askari wenye tochi. Barabara hiyo ni ya malori, ya bodaboda, na ya watoto wanaovuka kwenda shule.

Mzazi akiyasema haya kwa ukali, kijana atasikia ukali peke yake. Ni mtu mzima na kipato anacho, hivyo anaweza kuifunga injini hiyo bila mtu wa nyumbani kujua. Atakuwa na gari lenye nguvu mpya, breki za zamani, bima isiyojua na wazazi wasiojua. Katika njia zote zilizopo, hiyo ndiyo ya hatari zaidi, na mara nyingi inafunguliwa na neno moja la hasira mezani.

Makubaliano yanawezekana. Wazazi wasiseme "hapana", waseme "kwanza". Kwanza vipimo. Kwanza breki na tairi. Kwanza hesabu kamili kwenye karatasi. Baada ya hapo kijana aliendeshe gari hilo kwa miezi mitatu likiwa zima. Kama bado anaona halimtoshi, wakae tena, na safari hii wataongea juu ya gari ambalo wote wanalijua. Huenda akabaki na 1.6 yake. Huenda akaenda kwenye 1.8 pamoja na breki na difu yake. Vyovyote itakavyokuwa, hatakuwa amejificha.

Gari hilo lina viti viwili, na kimoja huwa wazi. Baba aliyeogopa Jumamosi anaweza kumwomba mwanawe Jumapili wazunguke naye kidogo. Asishike dashibodi, asivute pumzi kila kona. Aangalie tu jinsi kijana anavyoacha nafasi mbele yake, anavyopunguza mwendo kwenye kivuko cha waenda kwa miguu, anavyojibu daladala lililomchomekea.

Wakirudi atakuwa na jibu ambalo fundi hawezi kumpa: kama dereva mwenyewe ameshaitosha injini aliyonayo.