Naamani Hakutoka Majini Mara ya Nne



Leo tuongee kuhusu TB, kifua kikuu. Sisi wa Mathare, watu sita chumba kimoja cha mabati, dirisha dogo au hakuna, tunajua ugonjwa huu uko kati yetu. Unasambaa kwa hewa mgonjwa akikohoa. Hausambai kwa kikombe wala kwa kusalimiana. Si laana ya ukoo, na mtu hajarogwa.

Soma 2 Wafalme 5. Naamani aliagizwa ajichovye Yordani mara saba. Alikasirika, mpaka watumishi wake wakamsihi. Sasa jiulize: angetoka majini mara ya nne, angetakasika?

Dawa za TB ya kawaida ni miezi 6, kila siku. Miezi 2 ya kwanza unameza dawa 4 kwa pamoja, miezi 4 inayofuata dawa 2. Baada ya wiki chache kikohozi kinapungua, nguvu zinarudi, chakula kinapita. Hapo ndipo wengi wanatoka majini. Wanasema, "Nimepona!" Kumbe vijidudu vingine bado viko hai, na TB inaweza kurudi ikiwa sugu, haisikii tena dawa za kawaida. Na anayelala kando yako ni mtoto wako.

Mpendwa, kutupa dawa madhabahuni si imani. Mtumishi anayekuambia uache dawa anacheza na maisha yako. Katika Luka 17, Yesu mwenyewe aliwatuma wale kumi wenye ukoma wakajionyeshe kwa makuhani. Aliyeponywa na Mungu haogopi kupimwa. Maliza dozi, makohozi yapimwe, kisha uje na ushuhuda. Tutapiga vigelegele pamoja!

Kama umekohoa wiki 2, unatoka jasho usiku, unakonda bila sababu, nenda kituo cha afya cha serikali. Dawa za TB huko ni bure. Mkojo ukiwa rangi ya machungwa usishtuke, ni dawa. Macho yakiwa manjano, rudi kwa daktari haraka. Watoto wa nyumba hiyo nao wachunguzwe. Mhudumu wa afya ya jamii akibisha hodi, mfungulie. Huenda ndiye yule mtumishi anayekusihi urudi Yordani.

Na sisi kanisa tuna kazi. Kwenye kesha tufungue madirisha, hata kukiwa na baridi. Mgonjwa anahitaji chakula, na mtu wa kibarua akiugua hana cha kupika. Tunachangia harusi kila mwezi. Tumchangie huyu unga na maharagwe. Tusimnong'one. Tumuulize kila jioni, "Umemeza dawa leo?" Hayo nayo ni maombezi.

Baba, mpe nguvu kila anayemeza dawa leo. Asichoke kabla ya mara ya saba. Katika jina la Yesu, AMINA.

Mtumie jirani anayekohoa ujumbe huu. Mbarikiwe.