Tuiache Njia ya Mlimani Bila Lami

Kuna desturi iliyoingia nchini mwetu ya kuipima heshima ya barabara kwa weusi wake. Iliyotiwa lami husifiwa kuwa ni maendeleo. Ya changarawe hutajwa kwa haya, kana kwamba ni nguo yenye kiraka. Mwomba kura huahidi lami, na wasikilizaji hupiga makofi kabla hawajauliza lami hiyo itapita wapi. Mimi siipingi lami mijini wala vijijini, wala mahali ambapo mazao huoza njiani kwa sababu ya matope. Nisemalo ni hili: njia za changarawe zipitazo ndani ya misitu ya milima yetu ni mali kama zilivyo, na wenye haki ya kwanza kuzitumia ni mtu wa miguu na mpanda baisikeli. Kuzigeuza ziwe barabara kuu za malori ni hasara iliyovikwa joho la maendeleo.

Tuitazame milima ya Aberdare, ambayo wenyeji waiita Nyandarua. Kilele chake cha Satima chafikia karibu mita 4,000. Katika miteremko ya kusini, pande za Kereita na Kinale, njia za msitu zapanda na kushuka kati ya miti ya asili, mianzi, na mashamba ya misonobari. Huko mpanda baisikeli hukuta udongo mwekundu, kokoto, mizizi iliyojitokeza, na vijito vya maji baridi. Baisikeli iliyoundwa kwa safari kama hizo ina usukani uliopinda kama wa baisikeli ya mashindano, lakini tairi zake ni nene, yapata milimita 40 au zaidi, na gia zake ni nyepesi kwa ajili ya miinuko. Haihitaji lami, yahitaji njia imara isiyo na magari mengi. Kwenye kimo cha karibu mita 2,500 hewa ni nyembamba, na kifua kilichozoea kazi huko hakitatishika kwingine. Wanariadha wetu wa mbio za miguu wamelijua jambo hilo miaka mingi.

Sasa tazama upande wa pili wa safu hiyo hiyo. Kuna njia ya kilomita zipatazo 52 kutoka Ihithe, katika Kaunti ya Nyeri, hadi Ndunyu Njeru, katika Kaunti ya Nyandarua, ipitayo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Aberdare. Mpango wa kuitia lami ulizusha ubishi mkali, na mwaka 2024 shauri hilo lilifikishwa mahakamani. Ihithe ndiko alikozaliwa Wangari Maathai mwaka 1940, mama aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004 kwa kutetea miti. Tena mlima huo ulizungushiwa ua wa umeme wa takriban kilomita 400, kazi iliyoanza 1989 na kumalizika 2009. Je, ni busara kutumia miaka 20 kuufunga msitu, kisha kupasua njia ya malori katikati yake?

Watetezi wa lami husema kwamba njia ipo tayari, hivyo hakuna kitakachoharibika zaidi. Hoja hiyo haina miguu. Njia nyembamba ya changarawe humlazimisha dereva kwenda polepole. Lami humwita akimbie. Jirani zetu wa Tanzania wanayo Hifadhi ya Mikumi, iliyopasuliwa na barabara kuu kwa takriban kilomita 50. Huko wanyama wamekuwa wakigongwa na kufa, hata ikabidi kuweka matuta na faini. Bongo wa milimani, mnyama adimu ambaye Kenya peke yake ndiyo iliyobaki naye porini, hana matuta ya kumlinda. Ana msitu tu. Na penye lori la usiku, msumeno na gunia la makaa havikawii kufuata.

Sasa linganisha na baisikeli. Majaribio makubwa yaliyofanywa katika jimbo la Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960, yalionyesha kwamba madhara ya magari kwa barabara hayaongezeki sawasawa na uzito, bali kwa takriban kipeo cha nne. Maana yake ni kwamba ekseli yenye uzito mara 10 kuliko nyingine huiumiza barabara kiasi cha mara 10,000. Baisikeli pamoja na mpandaji wake kwa kawaida hazizidi kilo 100. Adui mkubwa wa njia ya baisikeli ni maji ya mvua, na dawa yake ni mitaro iliyochimbwa vizuri na jembe la kuizibua kabla ya masika. Kazi hiyo yaweza kufanywa na vijana wa kijiji, na ujira wake ukabaki kijijini.

Hapa mkulima wa viazi wa Nyandarua atanikabili, naye ana haki ya kusikilizwa. Atasema, "Wewe wanihubiria ndege na mianzi, nami nauli ya kuzunguka mlima yanimaliza." Ni kweli kwamba mzunguko ni mrefu. Lakini barabara za kuuzunguka mlima zipo: kutoka Ndunyu Njeru hupandishwa mzigo hadi Ol Kalou na Nyahururu, kisha hushuka hadi Nyeri. Fedha za kupasua msitu zaweza kutumika kuzitengeneza barabara hizo, kuzitia lami zile za kutoka mashambani hadi barabara kuu, na kujenga maghala ya baridi ili viazi visiuzwe kwa hofu ya kuoza. Tena maji anayonyweshea viazi hivyo yatoka wapi? Mito ya Tana, Athi, Malewa na Ewaso Ng'iro hupata maji kutoka Nyandarua. Na bwawa la Ndakaini, linalowapa wakazi wa Nairobi sehemu kubwa ya maji yao, hujazwa na mito ya mlima huo huo. Anayeokoa saa moja ya safari akapoteza mto, amejipunja.

Mwingine atasema kwamba baisikeli msituni ni mchezo wa wageni wenye fedha. Mwaka 2021 yalianza mashindano ya baisikeli za changarawe katika nchi ya Wamaasai, na wapandaji walisafiri kutoka ng'ambo kuja kupanda juu ya njia zile zile tunazozionea haya. Lakini si wageni peke yao. Suleiman Kangangi, Mkenya, nahodha wa Timu ya Amani, alikuwa miongoni mwa wapandaji wetu wa mbele hata alipoanguka na kufariki katika mashindano ya changarawe huko Vermont, Marekani, Agosti 2022. Alikwenda mbali kutafuta uwanja. Je, wadogo zake nao wavuke bahari, ilhali uwanja umelala nyuma ya nyumba zao?

Wa tatu atauliza habari za ndovu na nyati. Huyu nakubaliana naye nusu. Ndani kabisa ya hifadhi, penye wanyama wakali, baisikeli isiende bila askari wa wanyamapori, na mahali pengine isiende kabisa. Lakini msitu wa nje una njia nyingi zilizo salama zaidi, na katika Hifadhi ya Hell's Gate wapandaji wamezoea kupita karibu na pundamilia na twiga. Kinachotakiwa ni kanuni, si katazo la jumla.

Basi kazi iko wazi. Sheria ya misitu ya 2016 imevipa vyama vya wenyeji nafasi ya kushiriki katika kuitunza misitu. Vyama hivyo viruhusiwe kuchora njia za baisikeli, kuweka vibao, kuzibua mitaro, kutoza ada ndogo langoni, na kuwafundisha vijana kazi ya uongozi wa wageni na ufundi wa baisikeli. Fedha hizo ziwafikie wanaoishi kando ya ua, maana mwenye njaa hawezi kuulinda mti asiofaidika nao.

Ninyi mnaosoma sasa ndio mtakaopiga kura kesho na kuketi kwenye viti vya maamuzi. Wahenga walituonya tusiache mbacha wetu kwa msala upitao. Akija mtu kuwaahidi lami, muulizeni kwanza: yapita wapi, yamfaa nani, na maji yatatoka wapi ikiisha kujengwa? Akishindwa kujibu, msimpigie makofi.