Keshero au Kyeshero? Kabla ya kulaumu programu, tuchunguze tunachoandika

Mtaa mmoja wa komini ya Goma, kwenye barabara ya kwenda Sake, una majina mawili kwenye karatasi. Kuna wanaoandika Keshero, na kuna wanaoandika Kyeshero. Motari hapotei kwa sababu ya herufi moja. Programu ya kompyuta inapotea. Kwake hiyo ni mitaa miwili.

Tuseme kituo kimoja cha afya kimeandika watoto 40 wenye surua katika Keshero, na kingine kimeandika 60 katika Kyeshero. Grafiki itaonyesha mitaa miwili yenye wagonjwa wa kadiri, badala ya mtaa mmoja wenye wagonjwa 100. Chanjo zitapelekwa kwingine, na hakuna mtu aliyesema uongo.

Leo ofisi nyingi za Goma zinafanya kazi kwa programu za kukusanya na kuunganisha takwimu. Wizara ya Afya ya nchi yetu inatumia DHIS2, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Mashirika ya misaada yanakusanya majibu ya raia kwa simu kupitia KoboToolbox, kisha yanachora grafiki kwa Excel au Power BI. Hesabu zikikataa kulingana, neno la kwanza ni lile lile: programu ni mbaya, tununue nyingine, tuite mtaalamu kutoka Nairobi. Mimi nasema mara nyingi programu haina kosa. Ugonjwa uko kwenye chanzo, na sisi wenyewe tunaweza kuutibu.

Tuanze na majina. Goma ni mji, ni komini, na ni zoni ya afya. Karisimbi ni komini, ni zoni ya afya, na ni volkano. Nyiragongo ni teritware, ni zoni ya afya, na ni ule mlima uliotutoa mbio tarehe 22 Mei 2021. Mipaka ya vitu hivyo si mimoja. Anayeunganisha jedwali la komini na jedwali la zoni ya afya kwa sababu tu yote mawili yameandikwa "Goma" anachanganya watu wa mahali tofauti. Dawa yake si ya bei: kila mahali pawe na namba yake, na majedwali yaunganishwe kwa namba, si kwa jina.

Pili, tarehe. Sisi tunaandika siku kwanza, halafu mwezi. Programu iliyowekwa kwa mtindo wa Marekani inasoma mwezi kwanza. Tarehe 25/04/2025 itakataliwa, kwa sababu hakuna mwezi wa 25, na kosa litaonekana. Lakini 03/04/2025 itageuka kimya kimya kuwa tarehe 4 Machi. Ukiona siku za 13 hadi 31 zimekuwa tupu na siku za 1 hadi 12 zimejaa, usitafute mbali. Badilisha mtindo wa nchi kwenye mipangilio, kisha soma upya faili la mwanzo.

Saa nayo inadanganya. Goma iko mbele ya Kinshasa kwa saa moja, na mbele ya saa ya dunia kwa saa mbili. Mgonjwa aliyeandikwa hapa saa saba usiku wa tarehe 1 Machi anaweza kuhesabiwa kuwa wa mwezi wa pili, kama mashini inahifadhi kwa saa ya dunia.

Tatu, namba zenyewe. Mkato wa Kifaransa ni nukta ya Kiingereza: 1,5 inaweza kusomwa 15. Namba ya simu inayoanza na sifuri inapoteza sifuri yake ndani ya Excel. Ichukuliwe kama maandishi, si kama hesabu. Na katika mji ambamo tunalipa kwa dola na kwa franka, safu moja ya "bei" isiyotaja pesa gani haifai kujumlishwa hata kidogo.

Nne, hesabu mistari kabla ya kuunganisha na baada ya kuunganisha. Kama kituo kimoja kimeandikwa mara mbili kwenye orodha ya vituo, wagonjwa wake wote watahesabiwa mara mbili. Mistari ikiongezeka bila sababu, kuna jina lililorudiwa. Ikipungua, kuna jina lisilopata mwenzake.

Mwisho, tazama ripoti ilisasishwa lini. Umeme ukikatika na kompyuta inayopeleka takwimu ikizimika, grafiki haivunjiki. Inabaki nzuri, yenye rangi zake, ikionyesha hali ya juma lililopita.

Wapo watakaosema kwamba mji uliopitia vita vya Januari 2025 una shida kubwa kuliko majedwali. Nawaelewa. Lakini unga, mahema na dawa vinapelekwa kwa kufuata namba. Mwanzoni mwa mwaka huo kambi za magharibi ya mji, kama Bulengo na Lac Vert, zilibaki tupu, na watu wakatawanyika. Jedwali linaloendelea kutumia idadi ya zamani linapeleka msaada pasipo watu. Tena, sensa ya mwisho ya nchi yetu ni ya mwaka 1984. Ndiyo maana tunaweza kusoma kwamba zaidi ya asilimia 100 ya watoto wamechanjwa. Waliochanjwa wanahesabiwa mmoja mmoja. Jumla ya watoto ni makisio.

Tukumbuke pia Julai 2019, mgonjwa wa kwanza wa Ebola alipofika Goma kwa basi kutoka Butembo. Wizara ya Afya ilieleza kwamba kwenye vizuizi vitatu vya afya aliandika majina tofauti. Orodha zilikuwepo, watumishi walikuwepo, lakini mtu mmoja alikuwa watu watatu. Programu ya bei gani ingeligundua hilo peke yake?

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Viongozi wa afya na wa mji watoe orodha moja ya mitaa, yenye namba na tahajia moja, na kila shirika liitumie. Wafadhili waache kumdai muuguzi mmoja fomu tano zenye maswali yale yale; anayeandika kitu kimoja mara tano, saa za usiku, atakosea. Na pesa za kuleta wataalamu wa mbali, sehemu yake ifundishe vijana wa hapa pamoja na wale wanaojaza madaftari vituoni. Anayejua kwamba Keshero na Kyeshero ni mtaa mmoja ni mkaaji wa hapa, na yeye ndiye anapaswa kukaa mbele ya hiyo kompyuta.