Usiwe Mgeni wa Kudumu

Kwa miaka miwili nilisimama karibu kila Jumapili. Ukifika wakati wa matangazo, katibu akisema "wageni wetu tunaomba msimame tuwatambue", mimi huyo, nasimama. Natabasamu, napigiwa makofi, naimbiwa wimbo wa kukaribishwa, nakaa. Jumapili inayofuata niko kanisa jingine, nasimama tena. Nilizunguka karibu makanisa yote yanayofikika kwa daladala moja kutoka hosteli. Hili lina kwaya kali, lile mhubiri wake anachekesha, lile lingine wanatoa chai baada ya ibada. Nilichagua kanisa kama mtu anayechagua kibanda cha chipsi: leo hapa, kesho pale.

Na msidhani nilikuwa Mkristo wa jina tu. Nilifunga, nilikesha, na Alhamisi jioni niliongoza sifa kwenye ushirika wetu wa wanafunzi hapa chuoni. Ungeniuliza kama namfuata Yesu kwa moyo wote, ningekujibu ndiyo bila kupepesa macho.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hoja yangu ni hiyo hiyo: mwanafunzi anayesema anamfuata Yesu kwa moyo wote, lakini hakuna kanisa linalomjua, bado ni mgeni. Anakula, hajalima. Na jembe lenyewe si kazi za kanisani tu. Ni kukaa na watu wanaoweza kukuuliza maswali, na ambao wewe pia una haki ya kuwauliza.

Mimi jembe nilipewa katika kanisa dogo la Kibaptisti, jengo la mabati ambalo mvua ikinyesha mhubiri inabidi anyamaze mpaka ipungue. Jumapili ya kwanza nilisimama kama kawaida. Ya pili nikarudi kwa sababu tu mvua ilinizuia kwenda mbali. Ya tatu, mama mmoja anayeuza mihogo karibu na kituo cha daladala akanishika mkono mlangoni: "Mwanangu, wewe unasoma chuo. Darasa la watoto halina mwalimu. Jumapili ijayo uje saa moja na nusu." Hakuniuliza kama nina karama. Hakuniuliza hata kama nakubali.

Hapo ndipo nilipoanza kuwaelewa hawa Wabaptisti. Wengi wetu tunawajua kwa kitu kimoja tu, ubatizo wa maji mengi. Ni kweli, lakini ukichunguza kwa nini wanabatiza hivyo, utakuta habari ndefu zaidi. Kanisa lao la kwanza lilianza Amsterdam mwaka 1609, na waanzilishi walikuwa Waingereza waliokimbia kwao kwa sababu ya imani. Walisema hakuna mtu anayezaliwa mfuasi wa Kristo. Mzazi hawezi kuamini kwa niaba yako, wala mfalme hawezi kukuamuru uamini. Lazima useme mwenyewe, ukiwa na akili zako, mbele ya watu wanaokusikia. Mmoja wao, Thomas Helwys, akarudi London na mwaka 1612 akatoa kitabu kilichomwambia Mfalme James kwamba mamlaka yake hayafiki kwenye dhamiri za watu, wawe Wakristo, Wayahudi au Waislamu. Alitupwa katika gereza la Newgate na akafia huko.

Huku kwetu Afrika Mashariki, wamisionari wa Kibaptisti kutoka Marekani walifika mwaka 1956, na mwaka 1962 wakafungua seminari pale Arusha, ambayo baadaye ilikuja kuwa Chuo Kikuu cha Mount Meru. Kwa hiyo si jambo la jana. Lakini kilichonishika mimi si historia. Ni mkutano wa washirika.

Kama hujawahi kuuona, fikiria hivi. Ibada imekwisha, watu hawatoki. Mtunza hazina anasimama na daftari, anasoma mapato na matumizi mpaka shilingi ya mwisho. Ajenda ya siku ile ilikuwa kununua spika mpya. Sisi vijana tulikuwa tumeshashinda, kwa mawazo yetu. Mama yule wa mihogo akanyoosha mkono. Akasema spika ni nzuri, lakini kuna mzee mshirika mwenzetu ambaye bati la chumba chake limeng'olewa na upepo, na hakuna aliyekwenda kumwona. "Tutamwimbia kwa sauti kubwa zaidi?" Kimya. Mchungaji mwenyewe alikuwa upande wa spika. Tukapiga kura, spika zikashindwa. Mchungaji akaandika uamuzi, akafunga kwa maombi, Jumamosi akawa juu ya paa na nyundo.

Nikakumbuka nabii Amosi, yule mchungaji wa kondoo kutoka Tekoa. Ujumbe wake ni kwamba Mungu anaweza kuzichoka nyimbo na sikukuu za watu wake kama haki haitiririki kati yao. Nilikuwa nimeusikia ukihubiriwa mara nyingi. Sikuwahi kuuona ukipigiwa kura.

Sasa nifike pale panaponiuma.

Muhula ule nilikuwa natunza fedha za darasa letu. Mwenzetu alifiwa na baba yake, tukachanga rambirambi. Bumu lilichelewa, mnajua wenyewe ile hali ya kunywa maji na kulala. Nikachukua elfu sitini katika zile fedha. Nilijiambia nakopa, nitarudisha bumu likiingia. Mwenzetu akapelekewa kiasi kilichobaki, na hakuna aliyegundua kwa sababu orodha ya michango ilikuwa kwangu. Bumu likaingia, nikalipa madeni mengine, yale ya watu wanaopiga simu. Marehemu hapigi simu. Alhamisi niliongoza sifa kama kawaida, na watu walilia kwa kuguswa. Mimi pia nililia. Machozi yalikuwa ya kweli kabisa, na elfu sitini za watu ziko tumboni.

Jumapili moja nikawafundisha watoto habari za Zakayo. Mtoza ushuru, mfupi, mti, mnaijua. Nikamalizia pale aliposimama akaahidi kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu. Mtoto wa miaka minane hivi akauliza: "Mwalimu, alirudisha kweli au alisema tu?"

Nikafungua tena Luka 19. Habari yenyewe inaishia kwenye ahadi. Haisemi kama alirudisha. Nikamjibu yule mtoto kitu cha kupita, lakini swali halikuniacha. Usiku sikulala.

Mchana uliofuata nilimtafuta mzee wa kanisa ninayemwamini, nikamweleza. Nilitarajia maombi marefu. Akauliza maneno mawili tu: "Wenzako wanajua?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi bado hujaja kwangu. Anzia kwao." Nikaandika kwenye kundi la WhatsApp la darasa, nikamfuata na mwenzetu mfiwa uso kwa uso. Nililipa kwa awamu mbili. Wapo walionitukana, na walikuwa na haki. Fedha za darasa sikushika tena, wala sifa sikuongoza mpaka muhula ulipokwisha. Mwenzetu alisema amenisamehe, ila urafiki wetu haujarudi kama zamani. Simulizi hii haina mwisho mtamu sana, na sitaki kuutengeneza.

Ninachotaka muone ni hiki. Kwa miaka miwili ya uzururaji wangu hakuna mahubiri yaliyonigusa mfukoni, kwa sababu hakuna mhubiri aliyejua kwamba nina mfuko. Ilihitajika mtoto anayenijua kama mwalimu wake, na mzee anayejua naishi wapi. Umati hauwezi kukuuliza kitu.

Najua mtakayosema. Wa kwanza atasema: niko hapa miaka mitatu tu, nitajiungaje na kanisa la watu wa mtaani? Nimjibu kwa kijana mmoja Mjerumani. Dietrich Bonhoeffer alifika New York mwaka 1930 akiwa na umri wa miaka 24, tayari ana shahada ya uzamivu. Alikuwa Mlutheri, na masomo yake pale hayakufika hata mwaka mzima. Angeweza kukaa maktaba. Badala yake alikwenda Harlem, katika kanisa la Wabaptisti weusi la Abyssinian, akafundisha darasa la watoto Jumapili, akaingia nyumbani kwa waumini na kuona ubaguzi waliokuwa wakiishi nao. Mwaka 1937, Hitler akiwa madarakani kwao, alitoa kitabu kuhusu ufuasi, akiishutumu neema ya bei chee, ile isiyomdai mtu chochote. Mwaka 1945 utawala ule ukamnyonga. Miezi michache katika kanisa la wageni haikuwa muda mfupi mno kwake. Kwako miaka mitatu ni mifupi?

Wa pili atasema: mimi nina sapu mbili, ufuasi wa moyo wote utanidiskoisha. Hapa nina jambo la kusema kwa nguvu. Katika Kumbukumbu la Torati, Israeli wanaagizwa kumpenda Mungu kwa moyo, roho na nguvu. Marko anapoandika jibu la Yesu kuhusu amri iliyo kuu, limeongezeka neno moja: akili. Mwanafunzi anayekesha siku nne kabla ya mtihani halafu anaangalizia kwa jirani hajamtolea Mungu moyo wote. Amemnyima akili, kisha akamwibia jirani. Kusoma kwa bidii, kukataa kumsainia rafiki mahudhurio, kuliondoa jina lako kwenye kazi ya kikundi ambayo hukushiriki, hiyo nayo ni ibada, hata kama hakuna kinanda.

Wa tatu ndiye ninayemheshimu zaidi. Atasema: ndugu yangu, maneno haya ya "moyo wote" ndiyo yanayowamaliza watu. Ana haki. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu, watoto wakiwemo. Waendesha mashtaka wanasema waliambiwa wafunge mpaka kufa ili wakakutane na Yesu. Wale hawakuwa walegevu. Walitoa kila kitu. Na hata hapa chuoni tunawajua wenzetu waliotoa bumu lote kama mbegu, kisha wakashinda njaa mwezi mzima wakingoja mavuno.

Kwa hiyo moyo wote kwa Mungu usiwe akili yote kwa mchungaji. Kabla hujajiunga popote, uliza maswali manne. Je, hesabu za fedha zinasomwa mbele ya washirika? Je, mshirika wa kawaida anaweza kumpinga mchungaji hadharani na bado akasalimiwa Jumapili ijayo? Je, wanafurahi unapofaulu masomo, au wanakuona umepoa kiroho? Na je, ukitaka kuondoka, mlango uko wazi? Kama jibu la hata moja ni hapana, hapo kimbia, hata kama kwaya inaimba kama malaika.

Na nisiwapambe Wabaptisti kupita kiasi. Muungano wao wa kusini mwa Marekani, ule ule uliotuletea wamisionari mwaka 1956, ulianzishwa mwaka 1845 kwa sababu wenzao wa kaskazini walikataa kuwatuma wenye watumwa kuwa wamisionari. Walikaa, wakajadili, wakaamua, wakaomba, na walikosea vibaya. Waliomba radhi rasmi mwaka 1995, miaka 150 baadaye. Kumbe kunyoosha mikono hakuigeuzi dhambi kuwa haki. Kura ina maana pale tu yumo mama wa mihogo wa kuuliza swali ambalo wengi hawataki kulisikia, na wapo wa kumsikiliza.

Najua gazeti hili linasomwa na Waislamu pia, na wasio na dini. Sidhani kama hoja yangu inawapita. Kila mmoja wetu ana mahali anapotoa sauti kubwa: msikitini, jukwaani wakati wa kampeni za serikali ya wanafunzi, mtandaoni. Swali ni kama yupo mtu anayekujua kiasi cha kukuuliza Jumatatu kuhusu ulichokisema jana yake.

Kwa wenzangu Wakristo, ombi langu ni dogo. Muhula huu chagua kanisa moja. Si lazima liwe la Kibaptisti, wala si lazima liwe na spika. Rudi Jumapili ya pili. Ya tatu, kama hakuna aliyekupa jembe, liombe mwenyewe. Fagia, panga benchi, fundisha watoto. Halafu baki ibada ikiisha, usikilize hesabu zinavyosomwa.

Mimi Jumapili hii wageni wakiombwa kusimama nitabaki nimekaa. Kuna watoto wananisubiri, na yule wa swali lile huwa anakaa mstari wa mbele.